Kinyozi naye amehesabiwa

Siku moja ya Mei 2025 nilikuwa nimekaa kwa kinyozi mtaani Umoja, taulo shingoni, redio ikisoma habari. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilikuwa limetoa ripoti yake ya kila mwaka kuhusu uchumi. Uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024, msomaji akasema, na ajira mpya 782,300 zikapatikana. Kijana aliyekuwa akininyoa akazima mashine, akanitazama kwenye kioo.

"Mkubwa, hizo kazi huwa zinapeanwa wapi?" akauliza. "Mimi nimesaga lami karibu miaka miwili. Hata barua ya kukataliwa sikuletewa."

Nikamuuliza alianza kunyoa lini. Mwaka jana mwezi wa tatu, akasema. Kabla ya hapo alikuwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji, kikafungwa, akahangaika, mwishowe rafiki akamfundisha kushika mashine.

"Basi moja ya hizo kazi ni yako."

Alicheka, akawasha mashine, akaendelea na kisogo changu. Wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi walidhani natania. Sikuwa natania.

Ugomvi huu hurudi kila mwaka ripoti ikitoka. Walio serikalini wanasoma tarakimu kwa sauti, wapinzani wanasema zimepikwa, na mwananchi anabaki akijiuliza kama yeye ndiye asiyeona. Nimezisoma ripoti hizo kwa miaka kadhaa na sidhani zimepikwa. Tatizo liko kwenye neno. "Ajira" ya kwenye ripoti na "kazi" tunayoizungumzia mtaani ni vitu viwili. KNBS inahesabu vichwa. Kinyozi anahesabu siku na shilingi.

Chapati na asilimia 4.7

Tuanze na ukuaji wenyewe. Pato la Taifa ni jumla ya thamani mpya iliyozalishwa nchini kwa mwaka, na neno zito hapo ni "mpya". Chukua mama anayepika chapati kando ya steji ya matatu. Tuseme amenunua unga wa shilingi 180, na mafuta na makaa ya shilingi 120, akapika chapati 25 na kuziuza kwa shilingi 20 kila moja. Mkononi ana 500. Mchango wake kwenye Pato la Taifa lakini ni 200 tu, maana zile 300 zimeshahesabiwa kwa mwenye kinu, kwa mwuza mafuta na kwa mchoma makaa. Ukimjumlisha mama huyo na benki za Upper Hill, majani chai ya Kericho, walimu, simu, nyumba za kupangisha na kila kitu kingine, mwaka 2024 unafika takriban shilingi trilioni 16.

Asilimia 4.7 inasema kwamba jumla hiyo, athari ya bei ikishaondolewa, ilizidi ya mwaka uliotangulia kwa kiasi hicho. Haisemi iliingia mfuko wa nani. Na watu nao wanaongezeka: kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019 Wakenya waliongezeka kwa asilimia 2.2 kila mwaka. Sufuria imekuwa kubwa, sahani nazo zimeongezeka. Ukigawa kwa kila mtu, ukuaji unabaki zaidi kidogo ya nusu ya ule uliosomwa redioni.

Kinachonishughulisha zaidi ni mahali ukuaji huo ulipotoka. Kilimo peke yake ni zaidi ya moja ya tano ya uchumi wetu. Mwaka 2022 ukame ulipokaza, kilimo kilirudi nyuma. Mwaka 2023 mvua ikanyesha vizuri, kilimo kikaruka kwa zaidi ya asilimia 6 na uchumi mzima ukafika asilimia 5.7. Mawingu ndiyo yaliyopandisha tarakimu, wala hakuna aliyeandikiwa barua ya kuajiriwa.

Hapo hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mkulima mdogo na mfugaji wamo ndani ya Pato la Taifa, lakini kwenye hesabu ya ajira hawamo kabisa. Ile jumla ya wafanyakazi zaidi ya milioni 20 inayotajwa kila Mei imewaacha nje, na ripoti yenyewe inasema hivyo waziwazi. Shangazi yako wa Murang'a mwenye ekari moja: mahindi yake yamehesabiwa, yeye hakuhesabiwa.

Huduma za fedha na bima nazo zilikua kwa asilimia 7.6 mwaka 2024, kuliko uchumi kwa jumla. Ni habari njema kwa wenye hisa. Lakini benki ambayo wateja wake wanatuma pesa kwa simu haina haja ya wahudumu zaidi wa dirishani. Ujenzi kwa upande wake ulirudi nyuma kwa asilimia 0.7 mwaka huo huo, na ujenzi ndio unaompokea kijana asiye na cheti saa moja asubuhi na kumpa koleo. Kwa mtu wa mkono anayezunguka Nairobi akitafuta mjengo, ile 4.7 ilikuwa ya nchi nyingine.

Jiji lenyewe linapotosha macho. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi kati ya milioni 47.6 nchini, chini ya mmoja kwa kumi, ilhali zaidi ya robo ya Pato la Taifa inazalishwa hapa. Mgeni akishuka Westlands atasema nchi inapaa. Akivuka hadi mtaa wa mabanda wa Mukuru atasema imezama. Kote hajakosea.

Saa moja kwa wiki

Sasa ajira. Kenya, kama nchi nyingine nyingi, hufuata kanuni za Shirika la Kazi Duniani (ILO). Kwa kanuni hizo, mtu ana kazi ikiwa katika wiki anayoulizwa alifanya angalau saa moja ya kazi kwa malipo au faida. Saa moja tu. Na kuhesabiwa kuwa huna kazi kuna masharti: uwe hukufanya hata hiyo saa moja, uwe tayari kuanza, na uwe ulitafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita. Aliyechoka kutafuta akakaa hahesabiwi kuwa hana kazi. Ametolewa kwenye hesabu ya nguvukazi.

Ukiisikia mara ya kwanza unadhani ni ujanja wa wanasiasa. Lakini kanuni ina sababu yake: ilitungwa ili kila mkono uliochangia uzalishaji uonekane, hata ukiwa mdogo. Inafanya kazi vizuri katika nchi zenye malipo kwa wasio na kazi, ambako mtu anaweza kukaa miezi akitafuta kazi inayolingana na ujuzi wake, na takwimu ikamwona. Nairobi hakuna kitu kama hicho. Kodi ya nyumba inangoja tarehe tano. Ukikosa kazi leo, kesho unafua nguo za watu, unatandaza mitumba kwenye turubai au unabeba mawe. Kukaa bure kabisa huku ni starehe ya mwenye baba tajiri.

Ndiyo maana kiwango rasmi cha ukosefu wa kazi Kenya huonekana kidogo mno. Mwanzoni mwa 2020 kilikuwa asilimia 5.2. Korona ilipokuja na kafyu yake, kikapanda hadi asilimia 10.4 katika robo ya pili ya mwaka, kwa kuwa hata zile kazi za saa moja zilipigwa marufuku. Kilikuwa kipindi kifupi ambacho shida ya mtaani na takwimu ya ofisini zilikaribiana.

Turudi kwenye zile 782,300. Kati yake, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Ni tisa kwa kila kumi. Zinazobaki, zenye mkataba, mshahara wa mwisho wa mwezi na makato ya NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), hazikufika 80,000 kwa nchi nzima, ilhali vijana wanaoingia kwenye soko la ajira kila mwaka hutajwa mara kwa mara kuwa karibu 800,000. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna kinaya cha kihistoria hapa. Mwaka 1972 ujumbe wa ILO ulikuja Kenya kuchunguza ukosefu wa ajira, na ripoti yake ndiyo iliyolieneza duniani jina la "sekta isiyo rasmi". Wataalamu walikuta wanaume wakigonga mabati na wanawake wakiuza vyakula, wakasema hawa si wavivu wala si wahalifu, ni wafanyakazi wenye bidii ambao serikali inawafukuza badala ya kuwasaidia. Wakati huo sekta hiyo ilionekana kama daraja: mtu anapita hapo akielekea kwenye kazi ya kudumu. Zaidi ya miaka 50 baadaye daraja limekuwa mji, na waliozaliwa juu yake wana wajukuu.

Na hizo 703,700 zinajulikanaje? Hakuna karani aliyepita Umoja kumwuliza kinyozi wangu. Kazi za mshahara zina nyayo kwenye karatasi, yaani ushuru wa PAYE unaokatwa kwenye mshahara na michango ya NSSF. Jua kali haina. KNBS hufanya utafiti wa kina mara chache, kisha katikati ya tafiti hukadiria. Ule wa biashara ndogo na za kati wa 2016 ulikuta biashara milioni 7.4 hivi, na kati yake karibu milioni 5.9 hazikuwa na leseni. Ukiwa na nchi ya namna hiyo huwezi kutoa hesabu ya ajira kila mwezi kama Marekani, ambako walio wengi wamo kwenye orodha za mishahara za waajiri. Makadirio si uongo, lakini usiyasome kana kwamba mtu alisimama mlangoni na kalamu.

Jambo jingine: 782,300 ni tofauti kati ya jumla ya mwaka mmoja na ya mwaka uliofuata. Waliopoteza kazi wameshatolewa humo. Kiwanda cha uchapishaji kinafungwa, watu 12 wanatoka kwenye kazi rasmi. Wanane wanaingia bodaboda, wanne wanauza mayai na smoki. Kwenye jumla kuu hakuna kilichobadilika. Kwenye maisha ya watu 12 kila kitu kimebadilika.

Steji ile ile

Karibu na kwangu kuna steji ya bodaboda chini ya mti wa jakaranda. Mwenyekiti wake ni mzee wa makamo aliyeanza zile siku serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, mwaka 2008, na kila kona ikajaa waendeshaji. Nilipomuuliza biashara ikoje alinionyesha mstari wa pikipiki kwa mkono.

"Tukianza tulikuwa 11 hapa. Saa hii tuko 33. Lakini ndugu yangu, abiria ni wale wale."

Sijapata maelezo mafupi zaidi ya uchumi wetu. Kwa kitabu cha takwimu, steji imezalisha ajira 22. Hakuna uongo: kuna vijana 22 wanaoamka alfajiri na kufanya kazi. Lakini kama abiria hawakuongezeka, kila aliyeingia alikata kipande cha mkate wa aliyemtangulia, na wengi wa walioingia wana mkopo wa pikipiki unaolipwa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Kiwandani ajira mpya huja kwa sababu kuna oda ya kujaza. Kwenye steji huja kwa sababu kuna kijana wa ziada nyumbani.

Kinyozi wangu alinipa hesabu yake bila kuficha. Kichwa kimoja ni shilingi 100, nusu ni yake na nusu ni ya mwenye duka. Jumatatu hafanyi. Jumanne hadi Ijumaa hunyoa vichwa kama vinane kwa siku, Jumamosi na Jumapili kama 20 kila siku. Hiyo inampa shilingi 3,600 kwa wiki nzuri, 15,000 na kitu kwa mwezi. Mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida Nairobi uliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 Novemba 2024. Kwa hiyo yuko chini kidogo ya kima cha chini kabisa, anafanya kazi siku sita, na akiugua wiki moja, pesa za wiki hiyo hazipo.

Sitaki nieleweke kwamba jua kali yote ni umaskini. Kamukunji kuna mafundi wa masanduku na majiko ambao kwa mwezi mzuri wanamshinda karani wa ofisini, tena wanawafunza vijana kazi kwa njia ambayo vyuo vingi haviwezi. Ila ripoti haikutenganishii fundi huyo na msichana anayeuza pakiti za njugu kwenye taa za barabara. Wote ni mmoja na mmoja.

Wala mwenye mshahara hayuko peponi. Kima hicho cha chini kilikuwa kimewekwa 15,201.65 mwaka 2022, kikaongezwa asilimia 6 mwishoni mwa 2024. Katikati hapo mfumko wa bei ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022. Baadaye ulishuka chini ya asilimia 3, na Benki Kuu ikapongezwa, na watu wakauliza mbona unga haujarudi bei ya zamani. Mfumko ni kasi. Gari likipunguza mwendo kutoka 96 hadi 27 bado linaenda mbele. Halafu kuna makato: asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba nafuu, 2.75 ya bima ya afya, NSSF iliyopanda, zote zikikatwa kabla pesa hazijafika benki. Mshahara halisi, yaani ukishaondoa bei, umekuwa ukipungua kwa miaka kadhaa.

Ukitaka kujua kwa nini hayo yanamhusu kinyozi, kaa kwenye benchi lake. Wateja wake ni walinzi, walimu, madereva wa kampuni, makarani. Jua kali haijiuzii yenyewe tu, sehemu kubwa ya pesa inayoizungusha hutoka kwa wenye mishahara. Mwalimu aliyekuwa akinyoa kila wiki mbili sasa anangoja mwezi uishe. Nusu ya kichwa chake imekatwa kwenye hati ya malipo, na hakuna ripoti itakayoiandika hivyo.

Kwa nini basi kampuni haziajiri? Sehemu ya jibu iko Hazina. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 kulinda shilingi, iliyokuwa imevuka 160 kwa dola huku deni la dola bilioni 2 la hatifungani ya 2014 likikaribia kuiva. Mwaka huo serikali yenyewe ilikopa kwa hati za muda mfupi kwa zaidi ya asilimia 15. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki: umkopeshe mwenye karakana ya vyuma Barabara ya Lunga Lunga, ambaye huenda akashindwa, au uikopeshe serikali, ambayo italipa? Mwenye karakana akakosa pesa ya mashine, na vijana watatu wa kuiendesha hawakuajiriwa. Mbaya zaidi, serikali hiyo hiyo ina madeni ya wakandarasi na wauzaji wa vifaa yaliyolala kwa miaka. Mkandarasi asiyelipwa hamlipi fundi, na fundi hamlipi mtu wa mkono.

Riba zimeshuka tangu wakati huo na shilingi imetulia karibu 129. Hiyo ni afueni ya kweli, nami sioni haya kuisema. Lakini viwanda bado havijafika hata asilimia 8 ya Pato la Taifa, wakati mpango wa serikali wa Nguzo Nne uliozinduliwa 2017 uliahidi asilimia 15 kufikia 2022. Kati ya ahadi zote za miaka hiyo, kushindwa kwa hii ndiko ninakokuona kila asubuhi kwenye malango ya Industrial Area, vibarua wakingoja msimamizi ajitokeze na kuonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye kofia.

Kwa hiyo ripoti ikitoka, mimi siku hizi naruka mstari wa kwanza. Natafuta kazi za mshahara zimeongezeka kwa ngapi, halafu mshahara halisi umepanda au umeshuka, halafu ujenzi. Mwaka ambao vitatu hivyo vitapanda pamoja, hatutahitaji redio kutuambia.

Juzi nilirudi kunyolewa. Palipokuwa na viti vitatu sasa pana vinne, na nyuma ya hicho cha nne alisimama kijana mgeni, mashine mkononi, hana mteja. Nikamuuliza kinyozi wangu biashara inaendaje. Akakielekeza kidevu kwenye kile kiti.

"Tumeongezeka," akasema.